Nani awe na kauli ya mwisho juu ya mshahara wa mwalimu na daktari wa serikali?

#1 Mwana wa Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salaam.

Kila mgomo ukizuka hapa Kenya hoja ni ile ile: vyama vya watumishi wa umma vina nguvu kupita kiasi, haki yao ya kujadiliana mishahara ipunguzwe, na Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) iachiwe iamue peke yake. Siku hizi siisikii kwa magavana na wabunge tu, naisikia hadi kwenye matatu. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini hoja hiyo inatupeleka pabaya, na yaliyotupata wenyewe kwa miaka karibu 30 yanatosha kuonyesha kwa nini.

Katiba kwanza. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma, na kinawapa vyama na waajiri haki ya kushiriki majadiliano ya pamoja. Hakikubagua wa kampuni na wa serikali. Kisha kifungu cha 230 kikaiunda SRC. Kwa maafisa wa dola, kama rais, wabunge, magavana na majaji, SRC ndiyo inayopanga malipo. Kwa watumishi wengine wote wa umma kazi yake ni kuishauri serikali kuu na za kaunti. Mwaka 2015, katika kesi ya walimu, Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba ushauri huo unamfunga mwajiri. Tangu hapo chama kinaweza kukaa mezani na mwajiri miezi na miezi, wakaelewana, halafu tume ambayo haikuwa ikibishana nao ikasema hapana.

Sasa tutazame yaliyotokea.

Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukiwa umebakiza wiki chache, walimu waligoma na serikali ya Moi ikawaahidi nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa miaka mitano. Ilani ya Kisheria nambari 534 ikachapishwa. Awamu ya kwanza ikalipwa. Uchaguzi ulipokwisha serikali ikaona mzigo mzito, ikageuka. Walimu wakagoma 1998, wakagoma 2002, na hata mgomo wa 2013 ulikuwa bado unadai marupurupu ya ile ilani ya 1997. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule alikuwa keshamaliza chuo.

Juni 2013 Wizara ya Afya ikatia sahihi mkataba wa pamoja, ule tunaouita CBA, na chama cha madaktari, KMPDU. Sahihi zilikuwa zile za serikali kuu, lakini mwaka huo huo huduma za afya zikahamia kaunti. Magavana wakasema hatukuwepo mlipoandikiana. Wizara ikasema waajiri sasa ni magavana. Baadaye ikaongezwa kwamba mkataba haukusajiliwa mahakamani, kwa hiyo si mkataba. Madaktari walingoja zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 5 Desemba 2016 wakaweka chini vifaa, na siku hiyo hiyo ya kwanza wagonjwa wapatao 100 wakatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kwa kukosa wa kuwaangalia. Februari 2017 viongozi saba wa chama wakafungwa mwezi mmoja kwa kudharau amri ya korti, wakaachiliwa siku mbili baadaye na Mahakama ya Rufaa kwa sababu kila mtu aliona kwamba huwezi kujadiliana na watu walio jela. Mgomo ulidumu siku 100.

Na madaktari waliporudi, wauguzi wakatoka. Juni hadi Novemba 2017, karibu miezi mitano, kwa ajili ya mkataba uliojadiliwa ambao SRC haikuupa idhini.

Ninachosema ni hiki: madaktari hawakugoma kwa sababu waliruhusiwa kujadiliana. Waligoma kwa sababu walijadiliana, wakaandikiana, halafu maandishi yakakanwa. Haki ya kujadiliana ukiiminya, madai hayaondoki. Unachoondoa ni meza, na mtu asiye na meza huenda barabarani.

Karibuni. Wenye hoja ya kupinga nawahitaji zaidi.

#2 Fundi wa Gikomba

Mkuu, umeandika vizuri lakini umemsahau anayelipa.

Mimi nachomelea milango na madirisha. Sina chama, sina likizo, sina pensheni, sina bima ila ile ninayojilipia. Bei ya vyuma ikipanda sina mtu wa kumpelekea ilani ya mgomo. Nikinunua hata gesi ya kuchomelea, kodi nimeshalipa. Watumishi wa umma ni kama milioni moja hivi katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50, na mishahara yao imekuwa ikimeza zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya serikali, wakati kanuni za fedha za 2015 zinasema isipite 35. Mwaka 2024 viongozi wakakutana ukumbi wa Bomas, Nairobi, wakaapa kuishusha hadi 35 ifikapo 2028. Itashuka vipi kama kila chama kinajadiliana kivyake?

Kwenye kampuni, chama kikidai kupita kiasi kampuni itafungwa na wao watakosa kazi. Hilo huwatia adabu wote wawili. Serikali haifungwi. Na anayekaa upande wa mwajiri hatoi pesa yake, anatoa yangu, tena mfano wako wa 1997 ndio unaothibitisha: mwanasiasa aliyekaribia uchaguzi atatia sahihi chochote. Sasa kuna ubaya gani kuwa na tume isiyopigiwa kura, inayotazama mfuko mzima na kusema hapa basi?

#3 Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Fundi, nakuheshimu, na kodi yako naijua kwa sababu nami nakatwa kabla mshahara haujanifikia.

Lakini watu wanadhani tunapokaa mezani tunazungumza pesa tu. Wodi niliyofanyia kazi wakati ule, usiku tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda visivyopungua 40, na vingine vina wagonjwa wawili wawili. Glavu zikiisha saa nane usiku unaamua nani asubiri. Katika mkataba tulitaka mambo kama posho ya hatari, sare, vyeo, mafunzo, na idadi ya wauguzi kwa zamu. Ukisema majadiliano yapunguzwe yawe ya mshahara wa msingi tu, au yasiwepo, hizo glavu nitazizungumzia wapi? Msimamizi wangu hana bajeti. Aliye na bajeti hajawahi kuingia wodini usiku.

Mgomo wa 2017 ulitukausha. Miezi ilipita bila mshahara, watoto wakarudishwa nyumbani kwa karo. Hakuna muuguzi ninayemfahamu aliyeufurahia. Tulisimama kwa sababu tuliambiwa mkataba uko tayari, kesho, kesho kutwa, wiki ijayo, halafu tukaambiwa SRC imekataa. Sisi na SRC hatukuwa tumekaa meza moja hata siku moja.

#4 Mwana wa Kisauni

Fundi, hoja yako ni nzito na nitairudia kwa urefu. Kwa sasa nikubaliane nawe kwenye 1997: ile ahadi ilikuwa ya kura, na walioitoa walijua hivyo. Ila tazama kilichofuata. Serikali haikurudi mezani kusema tumekosea, tupunguze. Iliiacha ahadi ioze miaka na miaka. Gharama ya kugeuka ilikuwa kubwa kuliko ya kujadili upya.

Na hiyo tume isiyopigiwa kura haikosi shinikizo. Wabunge wakitaka marupurupu yao hupelekana nayo mahakamani na wakati mwingine hujipangia wenyewe kupitia tume yao ya huduma za bunge. Wanaoshindwa kuikwepa ni muuguzi na mwalimu.

#5 Mwalimu wa Mwingi

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nitaeleza kitu ambacho walio nje ya ualimu hawakijui: si lazima ubadilishe sheria ili kuua majadiliano. Unaweza kupitia hati ya mshahara.

Sheria yetu ya Mahusiano ya Kikazi ya 2007 inataka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi ndipo mwajiri akitambue. Ada ya mwanachama inakatwa na mwajiri na kupelekwa kwa chama. Maana yake rejista iko mkononi mwa yule yule unayejadiliana naye.

Mwaka 2019 chama chetu cha walimu, KNUT, kilishinda kesi juu ya mfumo wa kupandisha walimu vyeo. Korti ikasema wanachama wa KNUT warudi kwenye mfumo wa zamani. TSC, tume inayotuajiri walimu, ikautekeleza uamuzi huo kwa namna ambayo nyongeza zilizotokana na mfumo mpya zikaondolewa kwa wanachama wa KNUT, huku wasio wanachama wakiendelea kulipwa. Mwisho wa mwezi mkisimama staffroom na kulinganisha hati, mwenzako wa daraja lile lile, aliyeajiriwa mwaka mmoja nawe, amekuzidi maelfu. Unaambiwa ni kwa sababu wewe ni KNUT. Utafanya nini, na una mkopo wa sacco? Walimu walitoka kama maji. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kikashuka chini ya 30,000, ofisi za matawi zikashindwa kulipa kodi ya nyumba na mishahara ya makarani. Juni 2021 katibu mkuu Wilson Sossion akajiuzulu.

Mwezi uliofuata TSC ikatia sahihi mkataba wa 2021 hadi 2025 na vyama vya walimu. Haukuwa na shilingi ya nyongeza. Ulikuwa wa mambo mengine tu, likizo ya uzazi na kadhalika. Nyongeza ya fedha ilikuja 2023 baada ya uongozi na serikali kubadilika.

Chama dhaifu hakikuleta shule tulivu. Kilileta walimu wanaonung'unika, wanaofundisha huku wanatafuta biashara pembeni. Nasema hivi nikiwa nimeona.

#6 Fundi wa Gikomba

Mwalimu, la rejista sikulijua, na si haki. Mwajiri asiwe mshika daftari la mpinzani wake. Lakini swali langu la pesa bado limesimama.

#7 Kijana wa Ilala

Habari za humu wakuu. Natokea Dar, baba yangu alikuwa mtumishi wa halmashauri hadi anastaafu.

Kwetu mambo yalipangwa tofauti. Tuna Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003, yenye mabaraza ya majadiliano, na vyama tunavyo, TUGHE, TALGWU, CWT na vingine chini ya shirikisho lao, TUCTA. Kwenye karatasi tumekamilika. Ila nyongeza yenyewe mtumishi wa Tanzania huisikia uwanjani siku ya Mei Mosi, Rais akiwa jukwaani. Mwaka 2025, Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini kipande kutoka 370,000 hadi 500,000, asilimia 35.1, kuanzia Julai. Watu walishangilia na mimi nilimpigia mzee simu kwa furaha. Lakini miaka ya Magufuli Mei Mosi ilikuwa inakuja na kuondoka, mabango yanainuliwa, nyongeza hakuna. Yaani mshahara wako unategemea nani yuko jukwaani. Mwaka mzuri unashukuru, mwaka mbaya unavumilia. Hayo si majadiliano.

Na tulipojaribu kugoma? Mwaka 2012 madaktari waligoma, na kiongozi wao Dk. Steven Ulimboka akatekwa usiku wa Juni, akapigwa, akaokotwa msitu wa Mabwepande. Mwezi uliofuata walimu wakaanza mgomo wakidai nyongeza ya asilimia 100, na baada ya siku chache Mahakama Kuu kitengo cha kazi ikausimamisha. Tangu hapo migomo ya wazi imekuwa adimu. Serikali inaweza kuuita huo utulivu. Mimi nawaona madaktari waliomaliza chuo wakikaa mtaani bila ajira, na walioajiriwa wakifungua maduka ya dawa.

Kuna jambo linalotuunganisha. Machi 2017, mgomo wenu ulipokwisha tu, Nairobi iliiomba Dodoma madaktari 500 na Magufuli akakubali. Madaktari wa Kenya wakaenda kortini kuzuia, wakisema wenzao wapo bila kazi. Magufuli akawaajiri hapa hapa wale 258 waliokuwa wameshaomba. Nilijiuliza siku ile: kumbe nafasi zilikuwepo? Walikuwa wakingoja nini?

#8 Baba Neema

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nataka kusema upande ambao hautajwi.

Januari 2017 mke wangu alishikwa na uchungu usiku. Hospitali ya kaunti tuliyoizoea ilikuwa na mlinzi langoni, akatuambia ndani hakuna daktari, tutafute pengine. Tukaenda kwenye hospitali ya kibinafsi, akapasuliwa. Mama na mtoto wakapona, Mungu ni mwema. Lakini hawakumruhusu kutoka hadi bili iishe. Alikaa pale na kichanga huku mimi nauza ng'ombe wawili na kuzunguka kwa jamaa. Kila siku aliyolala pale bili ikaongezeka.

Siwachukii madaktari. Ila mnapozungumza haki ya daktari na haki ya serikali, mimi nilikuwa wapi katika mkataba huo? Waliosaini hawakuumia, na waliokana sahihi hawakuumia. Aliyeumia hakuwa na kiti mezani. Kama mtaniambia majadiliano yaachwe huru kabisa, niambieni pia mgonjwa atalindwaje.

#9 Mswahili wa Milwaukee

Baba Neema, pole sana, na hongera kwa familia kupona. Swali lako ndilo gumu kuliko yote humu.

Nipo Wisconsin, Marekani, nafanya kazi shule ya umma. Naandika kwa sababu jaribio mnalolijadili lilifanyika hapa waziwazi.

Wisconsin ilikuwa jimbo la kwanza kuwapa watumishi wa serikali za mitaa haki ya kujadiliana, mwaka 1959. Februari 2011 gavana mpya, Scott Walker, akaja na muswada uliokuja kuitwa Act 10. Sababu ilikuwa kama ya Fundi: bajeti ina pengo. Ukasema chama kitajadili mshahara wa msingi tu, tena nyongeza isizidi mfumuko wa bei isipokuwa wapiga kura waidhinishe. Bima, pensheni, saa za kazi, ukubwa wa madarasa, vyote nje. Mwajiri asikate tena ada ya chama. Na kila mwaka chama kipigiwe kura upya, kipate asilimia 51 ya wafanyakazi wote wa kitengo, si ya waliopiga kura. Asiyepiga anahesabiwa amekataa. Polisi na wazima moto wakaachwa nje ya masharti hayo.

Viongozi wa vyama walisema hadharani kwamba upande wa pesa wanaukubali, watachangia pensheni na bima kama gavana anavyotaka, mradi haki ya kujadiliana ibaki. Akakataa. Hapo ndipo watu wengi walipoelewa kwamba pengo la bajeti lilikuwa sehemu tu ya habari. Maseneta 14 wa Democratic walivuka mpaka hadi Illinois ili akidi isitimie, watu wakalala sakafuni ndani ya jengo la bunge Madison, maandamano yakafika watu wapatao 100,000. Machi 9 Republican wakautoa upande wa fedha uliohitaji akidi kubwa na kuupitisha uliobaki. Gavana akasaini siku mbili baadaye. Juni 2012 wakajaribu kumng'oa kwa kura, akashinda. Fundi, hili ni la kwako: wapiga kura wengi, wakiwemo wafanyakazi wa viwandani wasio na pensheni ya namna ile, waliona kama wewe unavyoona.

Lakini jirani yetu Ohio walipitisha sheria ya aina hiyo mwaka huo huo, ikawagusa hadi polisi na wazima moto, na Novemba 2011 wananchi wakaifuta kwa kura ya maoni, takriban asilimia 61.

Matokeo hapa? Serikali za mitaa ziliokoa pesa nyingi, sitaficha. Vyama vikaporomoka. Walimu wakaanza kuhama wilaya hadi wilaya wakifuata malipo, na wilaya maskini zikabaki kuwa mahali pa kujifunzia kazi. Migomo ya watumishi wa umma hapa ilikuwa imepigwa marufuku hata kabla, kwa hiyo msije mkadhani Act 10 ndiyo iliyoleta utulivu. Kesi zimeendelea kwa miaka: Desemba 2024 jaji wa kaunti ya Dane alitamka sehemu kubwa ya sheria hiyo ni kinyume cha katiba ya jimbo, hasa kwa sababu ya ule ubaguzi wa polisi na wazima moto na wengine, na suala likaenda rufaa.

Mfano wa mwisho ni West Virginia. Walimu wa huko hawana kabisa haki ya majadiliano ya pamoja, na mgomo ni haramu. Februari 2018 wakagoma wote, kaunti zote 55, karibu wiki mbili, wakarudi na nyongeza ya asilimia 5. Viongozi wa vyama walipokubaliana na gavana mara ya kwanza, walimu wenyewe wakakataa kurudi, kwa sababu hakukuwa na mkataba wala utaratibu unaomfunga mtu.

#10 Mwana wa Kisauni

Nashukuru nyote. Mswahili wa Milwaukee, hilo la West Virginia ndilo nililokuwa nalitafuta. Nijibu sasa, kwanza Baba Neema.

Ndugu, mgonjwa awe na kiti kwa njia ya sheria. Huduma za dharura, uzazi, watoto mahututi na usafishaji wa damu zisifungwe hata mgomo ukiwa halali, na idadi ya watumishi watakaobaki iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, wodi kwa wodi, kabla ya ugomvi kuanza. Chama kikivunja hilo kiadhibiwe. Kwa upande wa pili, mtu uliyemzuia kugoma umempokonya silaha yake, kwa hiyo mpe msuluhishi huru ambaye uamuzi wake unaifunga serikali pia, wenye tarehe ya mwisho. Sisi tunamfunga daktari na amri ya korti ndani ya siku chache, huku serikali ikikaa na mkataba miaka mitatu bila kuguswa.

Fundi, pesa. Nakubali kuwe na dari, yaani kikomo cha pesa. Nakubali SRC itazame mfuko mzima, na Katiba inaitaka itazame kama gharama zinabebeka. Ninachokataa ni wakati inapoingia. Iseme kabla: Hazina na SRC watangaze kwamba kwa miaka minne ijayo sekta ya afya ina shilingi kadhaa, hazizidi. Halafu chama na mwajiri wagawane hizo, waamue ngapi ziende kwenye posho ya hatari, ngapi kuajiri wauguzi zaidi, ngapi kwenye mshahara. Muuguzi wetu wa #3 anajua glavu zinakwisha saa ngapi, SRC haijui. Wakielewana ndani ya dari, basi: mkataba usajiliwe kortini ndani ya muda uliowekwa, uingie kwenye makadirio ya bajeti, na asiwepo wa kuukana.

Tazama madaktari wanagenzi, wale walio katika mafunzo ya kazi. Mkataba wa 2017 ulisema 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema ina 70,000. Mgomo ukaenda siku 56, na jambo hilo likabaki bila kumalizwa, hadi Desemba serikali ikakubali kile kile ilichokuwa imekiandika. Na wahadhiri Septemba 2025: siku 49 darasani hakuna mtu, kisa hasa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Kiini hakikuwa jambo jipya. Zote mbili ni ugomvi wa kulipa yaliyokwisha kukubaliwa.

#11 Fundi wa Gikomba

Sasa tunaelewana kidogo. Dari mapema, mimi nasaini hata leo. Lakini makusanyo ya kodi yakianguka katikati? Corona ilikuja bila ilani.

Na kingine. Hiyo dari itangazwe hadharani, gazetini na redioni, si barua ya siri kati ya Hazina na tume. Nikijua afya imetengewa kiasi fulani na walimu kiasi fulani, nitajua nani ananidanganya chama kikisema serikali inazo, au waziri akisema hana.

#12 Mwana wa Kisauni

Makusanyo yakianguka, kifungu cha kufungua mkataba kiwemo tangu mwanzo: mapato yakishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, pande zote zinarudi mezani ndani ya siku 30 na chama kinaonyeshwa vitabu. Mwaka 2021 walimu walipewa mkataba usio na shilingi kwa sababu ya hali ya uchumi baada ya Corona, na wakaupokea. Watu hukubali ukweli wakionyeshwa hesabu. Na la kutangaza hadharani naliunga mkono kwa mikono miwili, sikuwa nimelifikiria.

#13 Mwalimu wa Mwingi

Niongeze moja kwenye orodha yenu. Rejista ya wanachama itoke mikononi mwa mwajiri. Msajili wa vyama vya wafanyakazi aishike yeye, mwalimu ajiunge na ajitoe kwa msajili, mwajiri apelekewe tu jina na kiasi cha kukata. Bila hilo, dari itangazwe, msuluhishi awepo, lakini upande mmoja wa meza utakuwa mtupu.

#14 Baba Neema

Na idadi ya watakaobaki kazini wakati wa mgomo ibandikwe langoni mwa hospitali, kwa Kiswahili, ili mlinzi asiwe ndiye anayeamua nani arudi nyumbani.